LE CHAMBON: KIJIJI CHA MILIMANI KILICHOZOEA WAGENI

Mtu akitajiwa nchi ya Ufaransa, mawazo yake hukimbilia mji wa Paris na mnara wake wa chuma, ama fukwe za kusini ambako matajiri huota jua. Vijiji vyake havitajwi sana. Lakini nyumba haijulikani kwa sebule yake peke yake. Atakaye kuwajua wenyeji hana budi kufika mpaka uani. Juma hili, ndugu wasomaji, twaiacha sebule ya Ufaransa na kuingia uani, katika kijiji kiitwacho Le Chambon-sur-Lignon.

Ni kijiji kidogo chenye wakazi wapatao 2,400. Hakina jumba la wafalme wala kanisa kubwa la kushangaza macho. Kina mto, misitu, malisho ya ng'ombe, na njia nyingi za kutembea kwa miguu. Kina pia desturi moja ya tangu zamani, nayo ni kumpokea mgeni aliyechoka na kumpa kitanda. Desturi hiyo ilianza kama jambo la afya na la pato. Ikafika siku ambapo ikawa jambo la kufa na kupona. Mwenye kukitembelea kijiji hiki akafurahia hewa yake tu, amekiona nusu.

MAHALI PENYEWE

Le Chambon kimo katika mkoa wa Haute-Loire, kama kilomita 60 kusini ya mji wa viwanda wa Saint-Étienne. Msafiri atokaye Paris hupanda treni ya mwendo wa kasi hadi Lyon, safari ya saa mbili hivi, kisha huendelea hadi Saint-Étienne, na kutoka hapo hupanda gari katika barabara zenye kona nyingi. Kadiri gari linavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa baridi, na miti ya misonobari inavyozidi kusongamana pande zote mbili.

Kijiji chenyewe kiko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kando ya mto Lignon uliokipa nusu ya jina lake. Nchi hiyo ni uwanda wa juu, na juu ya uwanda huo vimechomoza vilima vya duara vilivyotokana na volkano za kale. Nyumba zimejengwa kwa mawe makubwa, kuta nene na madirisha madogo. Katika mashamba ya zamani, zizi la ng'ombe na chumba cha watu vimo chini ya paa moja, ili mkulima awahudumie wanyama wake bila kutoka nje wakati wa baridi. Nyasi kavu hurundikwa darini, zikawa kama blanketi la nyumba nzima.

Blanketi hilo si anasa. Wakati wa baridi kali huvuma upepo wa kaskazini ambao wenyeji huuita burle. Upepo huu huichota theluji mashambani na kuirundika barabarani hata magari yakashindwa kupita. Hapo zamani jirani wangeweza kukaa siku kadhaa bila kuonana. Watu waliozaliwa katika baridi ya namna hiyo hujifunza mapema kwamba mtu anayebisha mlangoni usiku hafai kuulizwa maswali mengi kabla ya kukaribishwa motoni.

MTO, MSITU NA GARI LA MOSHI

Majira yafaayo zaidi kwa mgeni ni kuanzia Juni hadi Septemba. Wakati huo maji ya Lignon hupungua ukali, na familia hushuka mtoni na vikapu vya chakula. Watoto huogelea, na wavuvi wenye vibali husimama kimya kando ya maji wakiwatega samaki aina ya trauti. Mbele kidogo kuelekea kaskazini, mto huo umezuiwa kwa bwawa la Lavalette, ambalo maji yake hunywewa mjini Saint-Étienne. Katika ziwa hilo watu huendesha mashua za tanga.

Misitu nayo ina majira yake. Katika kiangazi watu huingia na ndoo kuchuma matunda madogo ya rangi ya zambarau iliyoiva mpaka kukaribia weusi, yaitwayo myrtille, ambayo hutengenezwa jamu na vitumbua vya matunda. Mvua za kwanza za Septemba zikinyesha, uyoga huchomoza chini ya misonobari. Mwenyeji atakuonyesha msitu kwa furaha, lakini hatakuonyesha mahali anapochuma uyoga wake. Siri hiyo baba humrithisha mwana. Mgeni asijaribu kuchuma na kula bila kumwonyesha mjuzi, kwa maana uyoga wa sumu hufanana sana na uyoga wa chakula.

Kwa wasiopenda kutembea sana, lipo gari la moshi la zamani lenye reli nyembamba. Njia hii ilijengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, ikawa ndiyo mlango wa uwanda huu kwa miaka mingi. Ilifungwa mwaka 1968, kisha wapenzi wa treni za kale wakaifufua sehemu yake. Sasa katika kiangazi treni huwapeleka watalii polepole kati ya Raucoules na Saint-Agrève, ikipita Tence na Le Chambon. Watoto huipenda kwa moshi na king'ora chake. Wazee huitazama kwa moyo mwingine, kwani ni kwa reli hiyohiyo walikuja watu ambao habari zao tutazieleza hapa chini.

MILIMA, CHANZO CHA MTO NA PUNDA MKAIDI

Upande wa kusini wa uwanda kuna mlima Mézenc, wenye urefu wa mita 1,753. Si mlima wa kutisha. Mtu mwenye miguu mizuri akianzia pale gari linapoishia, katika njia ya mlimani iitwayo Croix de Boutières, hufika kileleni kwa muda usiofika saa moja. Siku ya mbingu safi, hasa asubuhi, mtu aliye kileleni huweza kuiona milima ya Alps upande wa mashariki, na hata weupe wa Mont Blanc. Wakati wa theluji, vijana hufunga mbao ndefu miguuni na kuteleza katika kijiji cha jirani cha Les Estables.

Si mbali na hapo kuna mlima mwingine wenye umbo la rundo la nafaka, uitwao Gerbier de Jonc. Urefu wake ni mita 1,551, na chini yake ndipo uanzapo mto Loire, mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa. Mto huo wapita kilomita zaidi ya 1,000 kabla ya kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki, ingawa bahari ya Mediterania iko karibu zaidi. Jambo la kuchekesha ni kwamba wapo wenyeji zaidi ya mmoja wenye chemchemi, na kila chemchemi ina kibao chake kinachodai kuwa ndiyo chanzo cha kweli. Mgeni mwenye busara hunywa funda moja katika kila chemchemi, akaepuka ugomvi.

Magharibi ya Mézenc kuna mji mdogo wa Le Monastier-sur-Gazeille. Hapo, tarehe 22 Septemba 1878, mwandishi wa Kiskoti Robert Louis Stevenson alianza safari ya miguu ya siku kumi na mbili, akifuatana na punda jike aitwaye Modestine. Stevenson ndiye aliyetunga hadithi ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua tangu zamani kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Punda wake alikuwa mdogo na mkaidi, akienda kwa mwendo alioutaka yeye. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1879, na njia aliyoipita sasa imewekewa alama kwa ajili ya watembeao kwa miguu. Wapo wenyeji wanaokodisha punda hata leo. Mzazi mwenye watoto wanaolalamika kuchoka ataona kwamba mtoto aliyekabidhiwa kamba ya punda husahau uchovu wake.

Msafiri mwenye siku ya ziada afike pia katika mji wa Le Puy-en-Velay, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Huko kuna kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli, lililojengwa katika karne ya kumi juu ya kilele cha mwamba wa volkano, nalo hufikiwa kwa vidato 268. Juu ya mwamba mwingine imesimama sanamu kubwa nyekundu ya Bikira Maria, iliyozinduliwa mwaka 1860. Askari watapenda kujua kwamba sanamu hiyo ilisubiwa kwa chuma cha mizinga 213 ya vita, iliyotekwa Sevastopol katika vita vya Crimea. Aidha, mji huu ni maarufu kwa dengu zake za kijani, ambazo hupikwa na soseji za nguruwe. Wasiokula nguruwe wataridhika na nyama ya ng'ombe wa Mézenc, wanaonenepeshwa kwa nyasi kavu za mlimani wakati wote wa baridi.

HEWA SAFI KWA WATOTO WA MJINI

Sasa turudi Le Chambon, kwa kuwa yote tuliyoyaeleza ni kibaraza tu.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, mji wa Saint-Étienne ulikuwa mji wa makaa ya mawe na viwanda. Watoto wa wafanyakazi waliishi katika moshi, na wengi walikuwa dhaifu wa kifua. Mchungaji mmoja wa Kiprotestanti, Louis Comte, alianzisha mwaka 1893 kazi ya kuwapeleka watoto hao milimani wakati wa kiangazi. Wakulima wa uwanda waliwapokea majumbani mwao kwa malipo madogo. Mtoto alikula mkate, alikunywa maziwa, alichunga ng'ombe pamoja na watoto wa nyumba, kisha alirudi mjini na mashavu yaliyojaa.

Habari zikaenea. Baada ya watoto wakaja wazazi, na baada ya wazazi wakaja wagonjwa waliohitaji kupumua. Nyumba za wageni zikaongezeka, na kijiji chenye wakulima wachache kikawa na vitanda vingi kuliko wakazi wake walivyohitaji. Mwandishi Albert Camus, aliyezaliwa Algeria na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1957, alifika hapo Agosti 1942 kutibu kifua kikuu chake. Alikaa katika nyumba ya Le Panelier, karibu na kijiji, na huko aliendelea kuiandika riwaya yake juu ya tauni, iliyotoka mwaka 1947.

Lakini mwaka huo wa 1942 wageni waliopanda mlima hawakuwa wagonjwa wa kifua peke yao.

WAGENI WASIOKUWA NA PA KUKIMBILIA

Ufaransa ilishindwa na Ujerumani mwezi Juni 1940. Sehemu moja ya nchi ilitawaliwa na jeshi la Wajerumani, na sehemu nyingine ikawa chini ya serikali ya Vichy, iliyokubali kushirikiana nao. Wayahudi walianza kuandamwa kwa sheria, kisha kwa misako. Julai 1942, kwa siku mbili tu, askari polisi wa Kifaransa waliwakamata mjini Paris Wayahudi wapatao 13,000, wakubwa kwa watoto. Wengi wao walipelekwa katika kambi za mauaji.

Wakazi wengi wa Le Chambon ni wazao wa Waprotestanti walioteswa na wafalme wa Ufaransa. Mwaka 1685 dini yao ilipigwa marufuku nchini, nao wakasali kwa siri misituni kwa takriban miaka mia moja. Watu hao hawakuhitaji kufundishwa maana ya kuwindwa. Mchungaji wao tangu mwaka 1934 alikuwa André Trocmé, akisaidiwa na mwenzake Édouard Theis, mkuu wa shule ya kijiji. Siku moja tu baada ya Ufaransa kutia sahihi mapatano ya kusalimu amri, wachungaji hao waliwaambia waumini kwamba wajibu wao ni kupinga udhalimu kwa silaha za roho.

Basi wakimbizi wakaja, wengi wao kwa gari la moshi lile lile. Walikuwa Wayahudi kutoka Ujerumani, Austria, Poland na Ufaransa kwenyewe; walikuwapo pia Wahispania waliokimbia vita vya nchini mwao. Vitanda vilivyokuwa vya watoto wa Saint-Étienne vikawa vyao. Mashirika ya misaada, yakiwamo ya Uswisi, yalifungua nyumba za kulea watoto. Kwa kuwa kijiji kilizoea kila mwaka kuona sura ngeni za watoto wa mjini, mtoto mgeni njiani hakumshangaza mtu. Hapo ndipo desturi ya amani ilipogeuka ngao ya vita.

Msemo wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko nako vijana waliofichwa mashambani walikata nyasi na kukamua ng'ombe pamoja na wenyeji wao. Kijana mmoja mkimbizi, mwenye umri wa miaka kumi na minane hivi, alijifunza kutengeneza vitambulisho bandia, na karatasi zake zilifichwa ndani ya mizinga ya nyuki. Ilipojulikana kwamba msako unakuja, watu walitawanyika katika misitu ile ile ya uyoga na matunda. Hatari ilipopita, wenyeji waliingia msituni wakiimba. Aliyejificha alipousikia wimbo, alijua kwamba njia ni salama.

Makadirio yatajwayo sana ni kwamba watu wapatao 5,000 walipata kimbilio katika uwanda huo, na wengi wao walikuwa Wayahudi. Kazi hiyo haikuwa ya kijiji kimoja. Walishiriki pia wenyeji wa Le Mazet-Saint-Voy, Tence, Fay na vijiji vingine, Waprotestanti na Wakatoliki.

AMRI NA DHAMIRI

Wasomaji wetu walio wengi wamevaa sare, ama wanaishi na aliyevaa sare. Yafaa basi tusipite haraka juu ya askari waliofika kijijini.

Mwishoni mwa Agosti 1942 polisi walikuja na mabasi kuwachukua Wayahudi. Trocmé alitakiwa atoe orodha ya majina, akakataa. Misako iliendelea kwa majuma kadhaa, na mabasi yakaondoka karibu matupu. Mara nyingi onyo lilifika mapema kwa simu, bila ya mpigaji kutaja jina lake. Wazee wa kijiji walisimulia kwamba wapo askari waliopumzika kwanza katika mkahawa na kuzungumza kwa sauti juu ya kazi iliyowaleta, hata waliotakiwa wakapata nafasi ya kuondoka. Askari wa namna hiyo hawakuandikwa katika vitabu vya ushujaa, wala hawakupewa nishani. Lakini wapo watu walioishi mpaka uzee kwa sababu ya kikombe chao cha kahawa.

Si kila siku ilikwisha hivyo. Februari 1943 wachungaji wawili na mwalimu mkuu wa shule ya umma walikamatwa, wakawekwa kizuizini kwa majuma kadhaa. Tarehe 29 Juni 1943 polisi wa Kijerumani waliivamia nyumba ya wanafunzi iitwayo Maison des Roches na kuwakamata vijana kumi na wanane. Msimamizi wao, Daniel Trocmé, jamaa wa mchungaji, hakukubali kuwaacha wanafunzi wake. Alikufa Aprili 1944 katika kambi ya Majdanek, nchini Poland. Tabibu wa kijiji, Roger Le Forestier, ambaye aliwahi kuwatibu Waafrika huko Lambaréné, Gabon, pamoja na Daktari Albert Schweitzer, aliuawa na Wajerumani tarehe 20 Agosti 1944 pamoja na wafungwa wengine zaidi ya mia moja, karibu na Lyon. Siku chache tu baadaye eneo hilo lilikombolewa.

KIJIJI HIVI LEO

Mwaka 1990 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli iliwatunuku heshima wenyeji wote wa Le Chambon na vijiji jirani kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra sana, kwani heshima hiyo hupewa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2013 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho mkabala na kanisa la Kiprotestanti. Juu ya mlango wa kanisa yamechongwa maneno machache ya Injili yanayowataka watu wapendane. Mgeni ayasome kabla ya kwenda mtoni, kisha atayatazama mashamba kwa jicho jingine.

Mwenye kwenda achukue viatu imara, koti la mvua na sweta hata katikati ya kiangazi, maana jua likituama baridi hurudi. Malazi yapo ya namna nyingi: hoteli ndogo, kambi za mahema na vyumba majumbani mwa wakulima. Katika jambo la adabu, Mfaransa wa kijijini ni kama mtu wa kwetu. Hapendi kuombwa kitu kabla ya kusalimiwa. Aingiaye dukani aseme kwanza Bonjour, ndipo aeleze shida yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Le Chambon mambo yalikwenda kinyume: mgeni ndiye aliyepona, na mwenyeji ndiye aliyejitia hatarini. Lakini methali haikufa. Mwishoni mwa mwaka 2020 alifariki mzee mmoja wa miaka tisini, mzaliwa wa Austria, aliyefichwa huko pamoja na jamaa zake alipokuwa mtoto. Wosia wake uliposomwa, ilionekana amekiachia kijiji hicho takriban euro milioni mbili, akiomba zitumike kwa elimu ya watoto. Karibu miaka themanini ilikuwa imepita tangu alipofunguliwa mlango.